Mzazi na Kazi Iliyobaki: Mjadala wa Goma

Miongoni mwa masuala ambayo watu wa Goma huyarudia mara kwa mara, wawapo barazani, sokoni au mlangoni pa nyumba ya ibada, hakuna linalowagusa wote kama hili: ni nani hasa awashaye ndani ya mtoto hamu ya elimu na nia ya kuwatumikia watu, je, ni mzazi wake, au ni shule, au ni wenzi wake, au ni mashaka ya dunia yenyewe? Penginepo suala hili laweza kuwa la kunoa akili tu. Lakini katika mji uliojengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima ambao moto wake uliingia hadi katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, ukashuka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na mji ambao vita vimeupitia zaidi ya mara moja, hata Januari 2025 tulipoona risasi zikirindima mitaani na shule zikifungwa, jibu lake ndilo litakaloamua kama vijana wetu wataujenga mji huu au watauhama.

Basi nimeyapanga hapa maneno ya wasemaji wanne, nikiwaita kwa nafasi zao katika jamii, kwa kuwa wayasemayo husemwa na wengi: Mwalimu wa shule ya msingi katika komini ya Karisimbi, Mama auzaye samaki aina ya sambaza karibu na ufuko wa Kituku, Mzee aliyepata kuwa karani katika zama za Zaire, na Kijana wa chuo kikuu. Mimi ni Msimamizi, na neno langu litakuja mwisho.

MWALIMU: Naanza kwa kudai ya kwamba mzazi ndiye chuo cha kwanza, na ithibati yangu siitoi mbali, naitoa katika historia ya shule zetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali ilipokuwa haimlipi tena mwalimu mshahara wa kumwezesha kuishi, na migomo ikawa imezifunga shule, wazazi walipatana na wakuu wa shule, wakiwamo wale wa Kanisa Katoliki, kumchangia mwalimu fedha iliyokuja kuitwa primu. Na tangu hapo, kwa robo karne na zaidi, mama aliyeuza makala na baba aliyesukuma chukudu, kigari cha mbao cha mizigo, ndio waliokuwa hazina ya elimu ya nchi hii. Mtoto aliyemwona mamaye akiitenga primu kabla ya kujinunulia kitenge hakuhitaji hotuba juu ya thamani ya masomo. Fauka ya hayo, fedha ile haikumfaa mwanawe peke yake, kwa maana mwalimu aliyelipwa nayo aliwafundisha watoto wa jirani vilevile, hata ikawa kumsomesha mwanao na kuitumikia jamii yako ni tendo moja. Ninapoingia darasani, nawatambua upesi watoto ambao nyumbani kwao yuko mtu awaulizaye jioni wamejifunza nini. Na aghalabu watu hao si matajiri, wala si wote waliosoma.

KIJANA: Mwalimu wangu, nakusikia kwa taadhima, lakini siwezi kuipokea sifa hiyo bila kuitazama upande wake wa pili. Primu ile ile uisifuyo ndiyo iliyowatoa darasani wenzetu ambao wazazi wao hawakuwa nayo. Majina yalisomwa mbele ya wote, nao wakakusanya madaftari wakaenda zao. Je, mtoto aliyerudishwa nyumbani namna hiyo alijifunza nini kutokana na kielelezo cha mzazi wake? Alijifunza kwamba umaskini ni kosa, na kwamba mzazi wake ni mkosaji. Kisha kuna jambo jingine, nalo nalisema kwa unyenyekevu. Mwaka 2012, vijana wa mji huu walipoanzisha harakati ya LUCHA, wakidai maji na ajira pasipo silaha mkononi, walikuwamo ambao upinzani wao wa kwanza walikutana nao mezani kwa baba na mama. Na mwaka 2021, vijana wa Goma Actif walipokusanya misaada kwa ajili ya waliounguliwa na nyumba, walihimizana wao kwa wao. Husemwa kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nayo methali hiyo hutumiwa kukemea. Bali mimi nawajua watoto wa Goma ambao ulimwengu uliwafunza mema wasiyoyapata nyumbani. Kwa hiyo nauliza: twamsifu mzazi kwa sababu kweli ndiye mwalimu wa kwanza, au kwa sababu kumsifu mzazi hakumgharimu mtu kitu?

MAMA: Mwanangu, umesema maneno mazito, nami nitakujibu kwa wepesi kadiri niwezavyo. Mama aliyefunga mlango ili usiende barabarani hakuichukia haki uliyoitafuta; aliwahesabu watoto wa watu waliotoka asubuhi wasirudi jioni, akaona hesabu hiyo haitaki kuongezewa jina lako. Hofu yake nayo ni elimu, ameipata kwa bei ghali, na ninyi mliosoma mngefanya vema kuiuliza imetoka wapi kabla ya kuihukumu. Lakini sikubali neno la kwamba mtu kama mimi hana la kumfunza mtoto. Mimi sijui kusoma. Katika likelemba yetu tuko akina mama wa sokoni, kila juma tunatoa fedha na kumkabidhi mmoja wetu kwa zamu, aongeze mtaji au alipe deni. Na daftari la hesabu analishika binti yangu, tangu alipokuwa darasa la nne. Siku nilipomkabidhi nilimwambia: mimi naijua fedha, siijui herufi, wewe unaijua herufi, usipoandika sawasawa, mmoja wa mama zako hawa atadhulumiwa, na pengine asijue. Tangu siku ile sijapata kumhimiza kwenda shule. Aliona mwenyewe kwamba hesabu anazofundishwa zina mtu anayezingoja.

MSIMAMIZI: Mama ametoa neno ambalo naomba lisipotee, la kwamba alimpa mwanawe kazi ambayo yeye mwenyewe hakuiweza. Tutalirudia. Mzee wetu, wewe umeishi tawala nyingi, waonaje?

MZEE: Naona mnazungumza juu ya kielelezo cha mzazi kana kwamba kila kielelezo huzaa mfano wake. Mimi nina ushuhuda wa kinyume. Katika zama za Wabelgiji, kwa amri iliyotoka mwaka 1917, mkulima wa nchi hii aliweza kulimishwa mazao ya lazima hadi siku 60 kwa mwaka. Na wazazi wetu waliotusimulia habari hizo hawakuzisimulia kwa fahari. Kisha, katika Zaire ya Mobutu, tukaletewa salongo: siku ya kazi ya umma ilipofika, kila mtu atoke na jembe au ufagio, azibue mifereji na kufyeka kando ya barabara, na asiyetoka aulizwe kwa nini. Nilitoka. Wanangu waliniona nikitoka, miaka na miaka, nikiinama katika mfereji wa mtaa wote. Kama kutazama kungetosha kumfunza mtu utumishi, basi kizazi chao kingekuwa kizazi cha watumishi; lakini walichojifunza kwangu ni njia za kukwepa, kwa kuwa walichokiona usoni pangu siku zile kilikuwa woga. Wajibu ukilazimishwa kwa fimbo, mtoto huirithi fimbo na kuuacha wajibu.

Lakini ikaja Januari 2002. Moto wa mlima uliukata mji, ukafunika sehemu ya njia ya ndege uwanjani, ukameza maduka na nyumba za watu kwa maelfu. Tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na baada ya siku chache tukarejea, ilhali mawe yangali yana joto chini ya viatu. Hakuna mkuu aliyetupigia filimbi. Tulianza kuvunja mawe yale yale yaliyotuvunjia nyumba, tukajengea kuta. Na mwanangu, yule aliyekuwa akijificha siku za salongo, ndiye aliyetangulia kwenda kumsawazishia kiwanja mjane wa jirani. Nilimwuliza sababu. Akanijibu kwamba alinikuta tayari niko huko, wala hakuna aliyekuwa amenituma.

MWALIMU: Ushuhuda wa Mzee wanilazimu kuitengeneza hoja yangu upya, nami naifanya kwa furaha, maana mjadala usiomsogeza mtu ni kelele tu. Nakiri kwamba kuonwa hakutoshi. Basi na tumtazame mtu ambaye sote twamjua, tuone alifanywaje. Upande wa kusini wa ziwa letu, katika Bukavu, mwaka 1955 alizaliwa Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba utotoni alifuatana na babaye kuwazuru na kuwaombea wagonjwa, na kwamba siku moja, walipokwenda kwa mtoto mchanga aliyekuwa taabani, babaye aliomba dua lakini hakutoa dawa. Na mtoto alipouliza kwa nini, akajibiwa ya kuwa kutoa dawa ni kazi ya daktari, na babaye si daktari. Hapo ndipo kijana yule alipoazimia kuwa daktari. Alisomea utabibu Bujumbura, akahudumu katika hospitali ya Lemera, akaenda Angers katika Ufaransa kujifunza tiba ya wanawake, akarudi. Vita vikaiharibu Lemera mwaka 1996. Mwaka 1999 akaanza kazi ya hospitali ya Panzi, ambako maelfu ya wanawake waliojeruhiwa kwa ubakaji wametibiwa. Na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, yeye pamoja na Nadia Murad.

Sasa tazameni alichokitenda mchungaji yule. Alimchukua mwanawe hadi mahali penye haja, hakumwacha nyumbani akasikie habari. Alitenda mbele yake lile aliloliweza. Na alipofika mwisho wa uwezo wake, hakuuficha mwisho huo ili aonekane mkubwa. Aliusema waziwazi, mbele ya mtoto, na kwa kuusema akawa amemwachia mtoto nafasi ya kusimama. Lau angalimwambia kwamba maombi yake yametosha na hakuna la kuongeza, mtoto angalirudi nyumbani na imani, lakini asingalirudi na kazi.

KIJANA: Hapo, Mwalimu, umenigusa, na ningenyamaza, lau nisingewafikiria wale ambao hawana wa kuwachukua kwa mkono. Usiku ule wa Mei 2021, watu walipokimbia, wengine kuelekea Sake na wengine kuvuka mpaka, watoto wengi walipotezana na wazazi wao gizani. Wako ambao vita viliwachukulia baba na mama. Wako hawa tunaowaita maibobo, wanaolala kando ya maduka ya Birere. Ikiwa hamu ya elimu na moyo wa utumishi hupitia mkono wa mzazi, je, hawa tumewahukumu kabla hawajaanza?

MZEE: La, hatukuwahukumu, na mji huu umekwisha kutoa jawabu. Alikuwapo Goma kijana aliyeitwa Floribert Bwana Chui, wa jumuiya ya Sant'Egidio, ambaye baada ya kazi na siku za mapumziko aliwaendea watoto wa mitaani, akala nao, akawasimamia wajifunze kusoma, akawatafutia shule. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26, aliuawa kwa kukataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika, ambacho kingeliwa na watu wa mji huu, na wale watoto wake wakiwamo. Na tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Hakuwa bado na nyumba yake wala mtoto wa kumzaa. Lakini nani atasema kwamba hakuwa mzazi? Watoto wale walimwona akiwafundisha herufi, wakaja kujua ya kuwa mkono ule ule uliowashikisha kalamu ulikataa fedha ya haramu. Elimu na uadilifu waliviona ndani ya mtu mmoja. Ndiyo maana mimi, nisemapo mzazi, simaanishi aliyezaa tu. Namaanisha mtu mzima yeyote aliyekubali kwamba mtoto huyu, ajapokuwa si wa damu yake, ana haki ya kumfuata.

MAMA: Hata sisi wa Kituku twawajua watoto wa namna hiyo. Yuko mtoto anayetubebea beseni. Tukamwambia, kabla ya kubeba, hesabu samaki na utuambie ni wangapi. Leo anahesabu kunishinda.

KIJANA: Basi nakubali, ila kwa masharti mawili, na bila hayo nitabaki upande wangu. La kwanza ni hili: sifa ya mzazi isigeuzwe kuwa pazia la kuficha deni la Dola. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, yasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Ikapita miaka 13, hata Septemba 2019, ndipo neno hilo lilipoanza kutekelezwa. Na lilipotekelezwa, madarasa yalifurika, ilhali walimu wengi wasiokuwamo katika orodha ya mishahara wakabaki bila primu na bila mshahara. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 40, yasema kuwalea na kuwaelimisha watoto ni haki na wajibu wa wazazi, lakini kwa msaada wa mamlaka za umma. Mzazi aliyebeba mzigo wa wawili kwa robo karne asisifiwe namna ya kuambiwa aendelee kuubeba.

Sharti la pili lamhusu mzazi mwenyewe. Mwasema mtoto apewe sehemu katika kazi. Nani atazuia sehemu hiyo isimmeze? Lava ya mwaka 2021 ilipoharibu mitambo ya maji kaskazini mwa mji, niliwaona watoto wakishuka ziwani na bidoni tangu alfajiri, na darasa likaanza bila wao.

MWALIMU: Na wengi wao walikuwa wasichana. Sharti hilo nami nalitia sahihi.

MAMA: Hapo umesema kweli, na jibu lake si gumu kwa mzazi mwenye nia. Ikiwa kazi ninayompa binti yangu yamtia hamu ya kurudi darasani kesho, hiyo ni malezi. Ikiwa yamchukua asirudi, nimemfanya mtumwa wa haja zangu, hata kama haja hizo ni za kweli. Bidoni nabeba mimi. Daftari analishika yeye. Siku niliyougua alibeba bidoni, nami nikamwambia kwamba ni kwa siku hiyo.

MSIMAMIZI: Ndugu zangu, mmesema kwa insafu, nami sasa nitoe hukumu yangu.

Nawapa Mwalimu na Kijana haki kila mmoja kwa sehemu yake. Mwalimu amepata kwa kusema mzazi ndiye wa kwanza, kwa maana kabla mtoto hajaijua shule wala wenzi wa harakati yoyote, ameshajua nyumbani kama kitabu na jirani vina thamani au havina. Kijana amepata kwa kukataa sifa tupu, kwa maana Mzee ametuthibitishia kwamba mtoto aweza kumtazama mzazi akitumika miaka mingi asirithi chochote ila woga. Kinachohama kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwana kimebainika katika maneno ya Mama, na katika kisa cha mchungaji wa Bukavu, na katika jibu la mwana wa Mzee, nacho ni kitu kimoja: mzazi hutia hamu pale anapoifanya kazi kwa hiari yake, akamchukua mtoto kwenye kazi hiyo, akamwonyesha bila aibu mahali ambapo uwezo wake mwenyewe umekoma. Wengi wetu tumelelewa tukidhani kwamba mzazi wa kuigwa ni yule aliyekamilika. Na kwa dhana hiyo mama asiyejua kusoma hujiona hana la kumpa mwanawe, na baba msomi humpa mwanawe sifa za kutazama, asimpe nafasi ya kutenda. Mimi nashikilia kinyume chake. Upungufu wa mzazi, ukisemwa kwa ukweli, ndio mlango wa elimu ya mtoto, kwa kuwa mtoto hana haja ya kujifunza kitu ambacho tayari kimekwisha kutendwa. Ana haja ya kujua kitu gani kinamngoja.

Kwa Goma neno hili ni jema kuliko kwa miji mingi, kwa maana hapa kazi iliyobaki haifichiki. Iko katika maji yasiyofika mtaani, katika darasa lenye watoto kupita kiasi, katika jirani aliyehama mara ya tatu na magunia yake. Mzazi wa Goma hana haja ya kutunga somo. Somo limekaa mlangoni pake. Anachotakiwa ni kuacha desturi ya kumwambia mtoto, "hayo ni mambo ya wakubwa, wewe soma tu," kana kwamba kusoma na mambo ya watu ni safari mbili zisizokutana.

Na masharti ya Kijana nayakubali yote mawili, tena naona la kwanza lapata nguvu kwa hukumu hii, wala halipungui. Miongoni mwa kazi zilizobaki imo ile ya Dola. Na mzazi amwonyeshaye mwanawe kwa uaminifu mpaka wa uwezo wake, amemwonyesha pia ni nani aliyepaswa kuwa upande wa pili wa mpaka huo. Ipo kamati ya wazazi katika shule zetu, ambako hesabu husomwa na mahitaji hutajwa. Nashauri kwamba wazazi wasiende huko peke yao. Mtoto aliyefika darasa la tano au la sita na afuatane na babaye au mamaye, aketi kimya kwa adabu, asikie mzazi wake akiuliza kwa heshima na kwa uthabiti fedha ya madawati imekwenda wapi, na kwa nini mwalimu fulani hajalipwa. Na wakirudi nyumbani aombwe asome ile karatasi ya hesabu kwa sauti, ili hata bibi asiyejua herufi apate kuelewa. Katika muda huo atakuwa amejifunza hesabu, uraia na ujirani kwa pamoja, na atakuwa amejua kwamba kuuliza kwa ajili ya wote ni kazi halali ya mtu mzima. Asiye na mzazi, jirani na amchukue. Nafasi katika benchi ya mkutano haina gharama, na mtoto aliyepewa nafasi hiyo leo ndiye tutakayemwomba kesho atusomee hesabu za mji mzima.